Nodi na Mahali Pake: Kukadiria Nafasi katika Mtandao wa Vihisi Visivyo na Waya

Kihisi ni kifaa kidogo chenye kupima hali fulani, kama vile joto, unyevu au mwinamo wa ardhi, na kupeleka habari zake kwa mawimbi ya redio. Vihisi vingi vikipashana habari hufanya mtandao, na kila kimoja ndani yake huitwa nodi. Lakini kipimo kisichojulikana kimetoka wapi hakina faida. Katika mji kama Bukavu, ambamo nyumba nyingi zimejengwa juu ya miteremko na mahali pengine udongo huporomoka, haitoshi kuambiwa kwamba ardhi imesogea. Yapasa kujua ni chini ya nyumba zipi.

Kuipa kila nodi kipokezi cha setilaiti ni ghali, humaliza betri upesi, na chini ya miti mikubwa ishara hudhoofika. Kwa hiyo nodi chache tu hujulishwa nafasi zao tangu mwanzo. Hizo huitwa nanga. Zilizobaki hujikadiria.

Njia mojawapo iliyoenea ni DV-Hop, iliyotolewa na Niculescu na Nath nchini Marekani mwaka 2001. Ujumbe wa kila nanga hupokezanwa toka nodi hata nodi, na miruko yake huhesabiwa. Ikiwa nanga A iko mita 90 kutoka B kwa miruko 3, na mita 60 kutoka C kwa miruko 2, wastani wa mruko ni 150 kugawanya kwa 5, yaani mita 30. Nodi iliyo miruko 2 kutoka A hujihesabia mita 60. Ikipata umbali wa nanga tatu zisizo katika mstari mmoja, hukadiria mahali pake.

Udhaifu wa njia hiyo hujitokeza penye korongo. Ujumbe ukilizunguka, miruko 2 yaweza kuwa mita 35 tu kwa mstari ulionyooka. Kosa la mita 25 latosha kuhamisha jamaa isiyo hatarini na kuiacha iliyo hatarini.

Marekebisho makuu ni matatu. Kwanza, nanga za karibu hupewa uzito zaidi, kwani makosa huongezeka pamoja na miruko. Pili, nguvu ya ishara husaidia kutofautisha mruko mfupi na mrefu, ingawa kuta na mimea huivuruga. Tatu, nanga huwekwa pande zote mbili za korongo. Hata hivyo kosa halitoweki. Hivyo hapana budi kila nafasi itajwe pamoja na kiasi cha shaka yake.