Je, kipimo cha choo kinatosha baada ya upasuaji wa kansa ya utumbo?



Mzee mmoja wa parokia yetu ya Nyangwe alituita nyumbani kwake. Alipasuliwa kansa ya utumbo mpana mjini, akapata nguvu, akarudi kwake kando ya Lualaba. Daktari alimwambia arudi baada ya mwaka mmoja apimwe kwa kamera. Sasa mtoto wake aliye ng'ambo amesikia habari za kipimo cha choo kinachosoma ADN, akamwambia: Baba, usihangaike na safari, nitakutumia hicho. Mzee alitaka kujua kama tumwombee safari au tusubiri mzigo.

Kipimo chenyewe ni cha kweli. Seli za ukuta wa utumbo hubanduka kila siku na kutoka pamoja na choo. Seli za kansa nazo hutoka, zikibeba ADN iliyoharibika. Maabara huitafuta hiyo, pamoja na damu isiyoonekana kwa macho. Marekani ilikiruhusu mwaka 2014, baada ya kupima watu karibu 10.000: kwa kila wagonjwa 100 wa kansa hiyo, kiliwagundua kama 92.

Lakini kiliruhusiwa kwa watu wasio na dalili, ambao hawajawahi kuugua kansa hiyo. Aliyekwisha kupasuliwa yuko katika hali nyingine. Kansa yake ikirudi, mara nyingi hutokea kwenye ini au mapafu, na choo hakipiti huko. Choo kinaweza kuonekana kizuri huku ini limeshambuliwa. Kwa hiyo madaktari hupima damu, kipimo kiitwacho CEA, kila miezi 3 hadi 6 katika miaka ya kwanza, hupiga picha za ini na mapafu, na huingiza kamera mwaka mmoja baada ya upasuaji. Kamera ikikuta kijinyama kipya, daktari hukitoa palepale kabla hakijageuka kansa.

Tena, choo kilitakiwa kufika maabara, huko Madison, ndani ya saa 72. Wakati wa mvua, kwa saa hizo sisi tunamshukuru Mungu tukiwa tumefika Kasongo na kupata gari!

Kwetu damu kwenye choo ina sababu nyingi: amiba, kichocho, bawasiri. Mtu hupewa dawa ya amiba mara tatu, mara nne, na hakuna anayeuliza zaidi, kwa sababu ya haya. (Musa hakuona haya kulifundisha taifa zima habari za choo, someni Kumbukumbu la Torati 23.) Aliyepasuliwa asikubali hivyo. Akiona damu, akikonda, au tumbo likifunga, amwonyeshe muuguzi kwanza karatasi ya upasuaji. Ya mzee wetu ilikuwa chini ya godoro, panya wameanza kuila pembeni. Sasa iko ndani ya mfuko wa plastiki, na nakala moja inakaa kwa katibu wa parokia.

Mtoto amekubali fedha za kipimo ziwe nauli. Mzee ataondoka baada ya mavuno ya mpunga, pamoja na kijana mmoja wa kumshika mkono, maana dawa ya kusafisha utumbo kabla ya kamera humwacha mtu bila nguvu.