Dawa za TB Zinapomsumbua Mgonjwa Nyumbani

Wengi wenu mnawauguza wagonjwa wa kifua kikuu manyumbani, na swali linalorudi kila mara ni hili: dawa ikianza kumsumbua mgonjwa, aiache ama aendelee? Inategemea anasumbuliwa na nini.

Mkojo wa rangi ya machungwa ndio unaotisha watu zaidi, na kumbe hauna neno. Ni rifampisini inayopaka rangi mkojo, jasho, hata machozi. Mwambieni mgonjwa siku ile anapoanza dawa, kabla hajauona. Kuna wanaotupa vidonge chooni wakidhani ati ni damu.

Kichefuchefu nacho ni cha kawaida. Ameze dawa na chakula kidogo. Viungo vikiuma katika ile miezi 2 ya kwanza, mara nyingi ni pirazinamidi. Nyayo zikiwaka moto ama kufa ganzi, ni isoniazidi, ambayo hupunguza vitamini B6 mwilini. Wanywaji pombe, waja wazito, wenye kisukari na wenye virusi vya UKIMWI huathirika zaidi. Kliniki ina vidonge vya B6, basi ulizeni.

Sasa yako mambo yasiyongojwa. Mpeleke mgonjwa mwangani mchana, utazame weupe wa macho yake. Ukiwa manjano, ama akitapika bila kukoma, huenda ini limeumia. Akishindwa kutofautisha nyekundu na kijani, ama akiona ukungu, ni ethambutoli inayogusa macho. Upele wenye kubabuka na vidonda mdomoni pia ni hatari kubwa. Hapo simamisha dawa na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo, ukibeba vidonge vyote anavyotumia pamoja na dawa za mitishamba, maana nyingine nazo huumiza ini.

Sisi Kenya twalijua jambo la upele. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba thiasetazoni, dawa ya TB ya bei rahisi, iliwababua vibaya wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI, na wengine wakafa. Baadaye dawa hiyo iliachwa.

Kwa yale madogo, asiache dawa mwenyewe. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na akikatiza, TB inaweza kurudi ikiwa sugu. Wewe unayemuuguza, andika kwa daftari tarehe shida ilipoanza, halafu mwonyeshe muuguzi. Yeye ndiye anayeipeleka ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu.