Mwisho wa Waya: Shaba, Spika na Sauti katika Nyumba za Meru na Embu

Kazi ya waya wa spika ni kuuchukua umeme wa sauti kutoka kwenye amplifaya na kuufikisha kwenye spika, na kwa kuwa kazi hiyo ni ya kubeba tu, waya hupimwa kwa kile unachopoteza njiani, kwani hauna uwezo wa kuongeza chochote. Jambo hili ni jepesi kulitaja, lakini husahaulika upesi mnunuzi anaposimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme, iwe ni Makutano mjini Meru au katikati ya mji wa Embu, akionyeshwa waya mnene wenye ganda linalong'aa na plagi za rangi ya dhahabu, na kuambiwa kwamba akivinunua vitu hivyo wufa yake itanguruma kuliko ilivyowahi kunguruma. Ahadi hiyo ina ukweli kidogo ndani yake, na ukweli huo mdogo ndio unaofanya sehemu iliyobaki iaminike.

Amplifaya hukuza umeme dhaifu unaotoka kwenye redio, simu au televisheni hadi upate nguvu ya kuitikisa koni ya spika, na mkondo inaoutoa huenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde, mara arobaini hivi kwa gitaa la besi linapopigwa chini kabisa, na maelfu ya mara kwa mlio wa kayamba. Waya wowote huupinga mkondo huo kwa kiasi fulani. Upinzani huo, ambao wanafizikia huuita ukinzani na kuupima kwa omu, huongezeka waya unaporefuka na hupungua waya unaponenepa, kwa jinsi ileile ambayo bomba jembamba la kumwagilia shamba hufikisha maji machache kuliko bomba pana hata kama yote mawili yametoka kwenye tangi moja. Spika yenyewe nayo ina ukinzani wake, ambao kwa kawaida huandikwa nyuma ya kabati lake kuwa omu 4, 6 au 8, na umeme ukigawanywa kati ya waya na spika, kila kimoja huchukua sehemu inayolingana na ukinzani wake. Sehemu iliyochukuliwa na waya hugeuka joto, na hakuna anayeisikia.

Hapa hesabu husaidia kuliko maneno. Waya mwembamba unaofungashwa ndani ya katoni za sistimu za bei nafuu huwa na unene wa takribani milimita 0.2 za mraba, kipimo kinachohesabu eneo la shaba peke yake bila ganda la plastiki. Spika ikiwekwa mita tano kutoka kwenye amplifaya, umeme husafiri mita kumi kwa kwenda na kurudi, na ukinzani wa waya huo hufika karibu omu 0.8, kiasi ambacho kwa spika ya omu 4 humaanisha kwamba katika kila wati 100 zinazotoka kwenye amplifaya, wati 17 hivi huishia kwenye waya. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, unene uleule ambao mafundi wa umeme hutumia kufikisha stima kwenye soketi za ukutani, hupoteza chini ya wati 2 katika umbali huohuo. Tofauti hiyo ni ya kweli, inapimika, na mara nyingine inasikika. Lakini akitoka hapo na kununua waya wa milimita 4, mnunuzi anagombania sehemu ya wati moja, na masikio ya binadamu hayana uwezo wa kuitambua sehemu hiyo.

Waya mwembamba hauipunguzi sauti kwa usawa, na hili ni muhimu kwa anayejali muziki. Ukinzani wa spika haukai mahali pamoja, kwa sababu namba iliyoandikwa nyuma ya kabati ni wastani wa kubuniwa, ilhali spika ya omu 8 huweza kushuka hadi 6 kwenye sauti fulani na kupanda kupita 30 kwenye besi, pale koni inapofikia mtikisiko wake wa asili. Waya wenye ukinzani mkubwa huzibana zaidi zile sauti ambazo spika inazipokea kwa ukinzani mdogo, hivyo rangi ya muziki hubadilika kidogo, besi ikivimba mahali pamoja na sauti za waimbaji zikirudi nyuma. Wauzaji hupenda pia kudai kwamba waya mnene huidhibiti koni ili isiendelee kutikisika baada ya mdundo kwisha, dai ambalo lina msingi, ila limekuzwa mno, kwa kuwa koili iliyo ndani ya spika, ule msokoto wa waya mwembamba unaoisukuma koni, yenyewe ina ukinzani wa karibu omu 6, na sehemu ya kumi ya omu iliyoondolewa nje haiwezi kubadilisha pakubwa kinachotendeka ndani.

Kuhusu mengine yanayotajwa kwenye matangazo, maelezo mafupi yanatosha. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia chache tu, na upungufu huo huzibwa kwa kuongeza unene wa shaba kidogo. Dhahabu hupitisha vibaya kuliko shaba, na sababu yake ya kuwekwa kwenye plagi ni kwamba haishiki kutu. Mwaka 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha jaribio ambamo wasikilizaji, walipokuwa wakisikiliza muziki bila kujua ni waya upi unaotumika, hawakuweza kwa uhakika kutenganisha waya wa kifahari na waya wa kawaida wenye unene wa kutosha. Ulio mwembamba sana ndio uliojitokeza, na hata huo ulitambulika kwa kelele maalumu za majaribio. Mwaka 2007 James Randi, aliyekuwa mwanamazingaombwe kabla ya kugeuka mfichuaji wa madai ya miujiza, alitoa ahadi ya dola milioni moja kwa atakayezitambua kwa masikio tu nyaya zilizouzwa kwa zaidi ya dola 7,000, na jaribio hilo halikufanyika.

Hata hivyo, mjadala huo wa ughaibuni kuhusu nyaya za maelfu ya dola hauigusi sana sebule ya Nkubu au Runyenjes, ambako swali lenyewe ni jingine kabisa: je, waya uliouzwa kama shaba ni shaba? Shaba nyekundu, ambayo mafundi huiita kopa, ni ghali, na ughali wake ndio uliozifanya nyaya zake kuwa windo la wezi wa vyuma chakavu nchini Kenya, tatizo lililofikia hatua ya serikali kusimamisha biashara hiyo ya vyuma mnamo Januari 2022, siku chache baada ya milingoti ya njia ya umeme itokayo Kiambere kwenda Embakasi kuanguka na nchi kuingia gizani. Kwa sababu ya bei hiyo, viwanda vingi hutengeneza waya wa alumini uliopakwa tabaka jembamba la shaba, ambao kwa macho hautofautiani na kopa halisi. Ukinzani wake ni takribani mara moja na nusu ya ule wa shaba, kwa hiyo waya wa aina hiyo ulioandikwa milimita 2.5 hufanya kazi ya waya wa shaba wa milimita 1.6 hivi. Njia ya kuutambua haihitaji maabara: bunda lake huwa jepesi isivyo kawaida mkononi, nyuzi zake hukatika zikikunjwa mara chache, na uzi mmoja ukikwaruzwa kwa wembe huonyesha weupe chini ya wekundu.

Ingefaa kuongeza kwamba alumini haina kosa lolote kwa asili yake. Mabwawa matano ya mto Tana yanayoanzia Masinga na kuishia Kiambere, ambayo Embu inapakana nayo na ambayo la kwanza kukamilika lilikuwa Kindaruma mwaka 1968, hupeleka umeme wake mbali kwa nyaya za alumini zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, kwa sababu wahandisi waliujua udhaifu wa madini hayo na kuufidia kwa unene na kwa kuipandisha volteji ili mkondo upungue. Kanisa linalotundika vipaza sauti vya pembe kwenye miti ya uwanja, mita mia moja kutoka kwenye amplifaya, hutumia hila ileile bila kujua kwamba limeiga njia ya Kiambere: transfoma ndogo huipandisha sauti hadi volti 100, mkondo wa wati 100 hushuka kutoka takribani ampea 3.5 hadi 1, na kwa kuwa hasara ya waya hukua kwa mraba wa mkondo, hasara hiyo hupungua zaidi ya mara kumi na mbili. Kosa lipo pale tu alumini inapouzwa kwa jina la kopa na kwa bei ya kopa.

Udhaifu wa alumini ambao haufidiwi kwa unene uko kwenye ncha zake. Madini hayo yakikutana na hewa hujifunika mara moja kwa ganda jembamba lisilopitisha umeme, hukataa kushika lehemu ya kawaida, na yakibanwa na skrubu huendelea kubonyea polepole kwa miezi hadi kiungo kinalegea. Shaba ni mvumilivu zaidi, ingawa nayo huchakaa. Katika miinuko ya Mlima Kenya, ambako ukungu huzishika nyumba za Kibirichia na Manyatta asubuhi nyingi na moshi wa kuni hutoka jikoni hadi sebuleni, ncha ya waya iliyomenywa miaka mitatu iliyopita huwa imegeuka kahawia au kijani, na ile iliyoko Kiritiri au Ishiara, katika ukavu wa Mbeere, huwa imejaa vumbi laini. Klipu ndogo za springi, zile nyekundu na nyeusi zilizo nyuma ya sistimu nyingi, hugusa waya kwenye sehemu nyembamba kama ukucha, na nusu ya nyuzi zikiwa zimekatika na zilizobaki zimeshika kutu, kiungo hicho kimoja huweza kupoteza umeme kuliko mita zote za waya unaokifikia. Ukwaruzo unaosikika spika inapoguswa na sauti ya upande mmoja inayokuja na kupotea, magonjwa ambayo wenye nyumba huyahesabu kuwa uzee wa redio, mara nyingi yanaanzia hapo.

Kwa hiyo viungo vinastahili fedha kuliko waya, na fedha zenyewe ni kidogo. Waya wa kopa wa milimita 1.5 au 2.5 ukimenywa upya, nyuzi zake zikasokotwa vizuri na kubanwa kwa skrubu bila uzi wowote kutoka nje kugusa ncha ya pili, hauna cha kuonea wivu. Plagi za ndizi, ambazo zimeitwa hivyo kwa umbo lao lililotuna katikati na hazina udugu wowote na migomba ya Imenti, hurahisisha kuchomoa na kuchomeka na huzuia nyuzi kuachana, ila hazina sauti yao. Hapa pia ndipo inapopatikana sababu ya watu waaminifu kabisa kuapa kwamba waya mpya uliibadilisha sistimu yao: walipouweka, waliziondoa ncha zilizooza na kuweka safi, na sifa ya kusafisha ikaenda kwa waya. Kuna pia sababu ya pili, kwamba sauti iliyopanda hata kwa kiasi kisichotambulika kama kupanda husikika kuwa nzuri zaidi, na ya tatu, kwamba aliyelipa hutaka kusikia alicholipia.

Waya mmoja hustahili kuchaguliwa kwa ubora zaidi ya wa spika, nao ni ule wenye plagi za RCA unaounganisha televisheni au dekoda na amplifaya. Umeme unaopita humo ni mdogo, kwa kawaida volti moja au mbili, na haujakuzwa bado, hivyo chochote kinachouingilia hukuzwa pamoja nao. Waya huo ukikosa wavu wa shaba wa kuukinga, au ukilazwa sambamba na waya wa stima nyuma ya kabati, huchukua mvumo mzito wa mikondo ya umeme wa Kenya, ambayo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo hautaondoka hata spika zikifungwa kwa nyaya za fedha tupu.

Baada ya hayo hubaki chumba, ambacho huamua zaidi ya yote yaliyotajwa. Sebule ya mawe yaliyochongwa, sakafu ya saruji na paa la mabati lisilo na dari hurudisha sauti kutoka kila upande, maneno ya mwimbaji yakafika sikioni mara nyingi kwa kuchelewana, na zulia nene, pazia zito na makochi yenye vitambaa hufanya hapo kazi ambayo hakuna duka la nyaya linaloweza kuiuza. Nyumba za mbao, ambazo bado ni nyingi katika sehemu za juu za Meru, ni laini zaidi kwa sauti za juu lakini huivujisha besi kupitia kuta, na wufa iliyosogezwa kwenye kona hurudishiwa sehemu kubwa ya besi hiyo bure, kwa kuwa kila ukuta ulio karibu huielekeza sauti mbele badala ya kuiacha isambae.

Ikiwa besi imebaki hafifu hata baada ya kusogeza, na hasa ikiwa inaongezeka msikilizaji anapoizima spika moja, chanzo huwa ni waya uliofungwa kinyume kwenye upande mmoja, hali ambayo koni moja husukuma hewa wakati nyingine ikiivuta, na besi za pande mbili kufutana. Fundi huligundua hilo kwa betri ya tochi ya volti 1.5: waya huchomolewa kwenye amplifaya, ncha zake mbili huguswa kwa betri kwa nukta moja, na koni ikiruka kwenda nje, ncha iliyogusa upande wa chanya ndiyo chanya ya spika hiyo, nayo hutiwa alama ya kalamu palepale, kwa sababu rangi ya ganda la waya si ushahidi kama mtu mwingine aliwahi kuuunga katikati.