Kuoana Tabia Hakutoshi

Posa inapoletwa, wazee huchunguza kwanza: kijana ni wa ukoo gani, ana hasira, ni mlevi? Vijana nao hutafuta mtu wanayeendana naye, mcheshi kwa mcheshi, mpole kwa mpole. Wote wanaamini kwamba heri ya ndoa hutokana na hulka ambazo wawili hao wamekuja nazo. Utafiti wa saikolojia unaipunguzia nguvu imani hiyo. Mwaka 2020 mtafiti Samantha Joel na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 43 zilizohusu wenzi zaidi ya jozi 11,000. Kuridhika kwa mtu kulitabirika zaidi kwa yanayopita kati ya wawili: kama anaona mwenzake amejitoa kweli, kama wanathaminiana, kama wanaridhishana kitandani, na wanavyogombana. Hulka ya mtu mwenyewe ilieleza machache zaidi, na ya mwenzake haikuongeza kitu kikubwa.

Ukiangalia maisha ya nyumbani, hilo halishangazi. Mke yuko dirishani, anasema, “Hebu ona wingu lile.” Mume anaweza kuinua macho na kujibu, kukaa kimya kama hakusikia, au kufoka kwamba anasumbuliwa. Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman aliwachunguza maharusi wapya katika nyakati ndogo kama hizo, kisha akawafuatilia baada ya miaka 6. Kwa hesabu yake, waliokuwa bado pamoja walikuwa wakiitikiana mara 86 kati ya 100. Walioachana, mara 33 tu. Kuitikia huko hakuhitaji ucheshi. Mcheshi wa barazani anaweza kumpuuza mkewe, na mtu asiye na maneno mengi akamsikiliza.

Atatokea wa kupinga: hulka mbaya si huvunja ndoa? Huvunja. Mwaka 1987 watafiti Kelly na Conley walichapisha matokeo ya kuzifuatilia jozi 300 za wachumba wa Marekani tangu miaka ya 1930, na kweli, wenye wasiwasi na hasira za haraka walipata shida zaidi katika ndoa. Lakini hasira humfikia mwenzi kwa njia ya matendo: tusi, mlango unaobamizwa, kununa siku tatu. Matendo hayo yanaweza kurekebishwa, na hata hulka yenyewe hulegea. Uchambuzi wa tafiti zaidi ya 200, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba tiba ya kisaikolojia hupunguza wasiwasi wa kudumu wa mtu.

Wengine watasema hayo ni ya Wazungu. Takwimu nyingi ni za kwao, na huku ndoa hubeba pia mawifi, mashemeji na mahari. Hata hivyo, moja ya mizizi ya elimu hii ya kuitikiana iko Uganda. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Watoto waliotulia zaidi walikuwa wa mama walioweza kusimulia habari za mtoto wao kwa undani, yaani mama waliokuwa wakimwangalia na kumwelewa. Haja ya kuitikiwa, awe mtoto au mwenzi, basi si ya taifa moja. Ila isigeuzwe kuwa wito wa kuvumilia kila kitu: kuitikiana ni kazi ya watu wawili, na anayepigwa hana deni la kumwelewa anayempiga.