Baisikeli Kuukuu Iliyopakwa Rangi Mpya



Tangu uchumaji uanze tumeulizwa mara nyingi juu ya baisikeli za gia, zile ziitwazo maunteni, ambazo baadhi yetu huzinunua Mtwara zikiwa zimetumika na kutengenezwa upya, kisha wakaja kuziuza hapa kisiwani. Je, zafaa? Zafaa sana, ila si kila moja, na rangi haimwambii mnunuzi neno.

Kule Mtwara tumeziona kazini. Njia za kwendea Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma zina mchanga mwingi. Phoenix ya magurudumu membamba huzama, na mwenyewe hushuka akasukuma. Mpira mpana wa maunteni, ukipunguzwa upepo kidogo, hupita juu. Nao wakulima wa korosho wana mizigo kama sisi. Tangu mauzo yao yalipoingizwa katika stakabadhi za ghala mwaka 2007, korosho hazina budi zifike ghala ya chama cha msingi, na asiye na pikipiki wala nauli hufunga gunia juu ya keria akaenda.

Lakini maunteni haikuzaliwa kuchukua magunia. Ilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa wilaya ya Marin walinunua baisikeli kuukuu za Schwinn zenye mipira mipana, zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, wakazitengeneza na kushindana kushuka milima. Breki zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zikipata moto hata grisi ikatoka moshi, na kila baada ya mteremko yapasa kitovu kifunguliwe kitiwe grisi nyingine. Ndiyo sababu mashindano yao, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, maana yake kujaza tena. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya mahsusi kwa kazi hiyo. Basi kuuza baisikeli kuukuu iliyotengenezwa si jambo la kuonea haya. Yenyewe asili yake ndiyo hiyo.

La haya ni lile lililofika mezani kwetu mwezi uliopita. Mwanachama alimwuzia mwenziwe maunteni ya Mtwara, inameta kama ya dukani, akamwambia haina kasoro. Juma la pili mnunuzi alipakia gunia la karafuu kavu, akashuka kilima, na shingo ya fremu ikakatika. Mkono ulivunjika, karafuu zikamwagika matopeni. Chini ya rangi palikuwa na ufa wa zamani. Muuzaji aliapa kwamba hakujua, nasi twamsadiki, kwa kuwa naye aliinunua imekwisha pakwa. Lakini asiyejua hali ya kitu aseme hajui. Asiseme hakina kasoro. Tuliosoma chuoni twakumbuka kuwa kitu kikionekana kina aibu iliyokuwamo kabla ya kuuzwa, mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Bei ilirudishwa yote, na gharama ya mkono wakagawana.

Kwa hiyo atakaye kuuza na aikague kwanza mchana, mnunuzi akiwapo. Futeni shingo ya fremu na sehemu za maungio kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mtazame kama kuna mstari mwembamba. Chomoeni nguzo ya kiti, mpindue fremu: ikimwaga unga mwekundu, chumvi imekwisha ingia ndani, na baisikeli za pwani huoza kutoka ndani. Wekeni sumaku. Ikishika, fremu ni chuma, na fundi yeyote wa kuchomea ataweza kuiunga. Isiposhika, yaelekea ni alumini. Haishiki kutu, lakini ikipasuka fundi wetu wa kawaida hana kifaa cha kuiunga. Kwa mchukuzi wa magunia sisi twachagua chuma, ijapokuwa ni kizito.

Mnyororo hupimwa kwa rula ya chuma. Tangu pini hata pini, inchi 12 kamili ndiyo haki yake. Ikizidi 1/16 ya inchi, mnyororo umekwisha. Ikifika 1/8, meno ya gia nayo yamelika, na mnyororo mpya utaruka. Pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha mshale wa saa uendako. Wako mafundi waliolazimisha kinyume wakala nyuzi zote za mkono wake, kisha wakaifunga kwa kipande cha bati.

Jambo la mipira limewapotezea wengi fedha. Namba 26 si moja tu. Mpira wa 26 x 1 3/8 wa baisikeli za kizamani hukaa juu ya rimu ya milimita 590, na ule wa 26 x 2.10 wa maunteni juu ya milimita 559. Mmoja hauingii mahali pa mwingine hata ukipigwa nyundo. Zilizo mpya zaidi zina 27.5 au 29. Ulizeni kama mpira wake wapatikana hapa kisiwani kabla ya kulipa nauli ya chombo.

Rula ya chuma na sumaku zipo ofisini. Mwenye baisikeli ya kuuza na aje nayo siku yoyote ya kazi kabla ya adhuhuri, afuatane na mnunuzi wake, nasi tutaandika karatasi mbili za hali yake, kila mtu achukue moja.