Feni Inanguruma Baada ya Kuapdeti BIOS? Sikiliza Kwanza

Laptopu yangu iliapdeti BIOS, kuanzia hapo feni ikawa inavuma kama mashine ya kukoboa mpunga. Kwa anayeandika ripoti ya fildi hapa Ifakara si jambo dogo: mashine ikizidi joto hujizima yenyewe, na kazi ambayo hujaihifadhi imekwenda.

Sikiliza sauti kwanza. Mvumo mtupu maana yake feni inazunguka kasi. BIOS huchangia kuamua feni ianze kukimbia kwenye joto gani, na toleo jipya linaweza kubadili kiwango hicho. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc uone programu ipi inakula prosesa. Kama zimetulia zote, ingia kwenye BIOS, rudisha mipangilio ya awali. Yangu ilinyamaza hapo.

Sauti ya kukwaruza ni kesi nyingine. Apdeti haiwezi kukwaruza chuma. Hapo shuku uchafu au beringi iliyochoka. Na bondeni Kilombero, wakati wa mavuno, vumbi na pumba hatujakosa. Zima, chomoa chaja, fundi afungue na kupuliza huku ameishikilia feni isizunguke.

Mwisho: usiapdeti BIOS bila betri kujaa na chaja kuchomekwa. Ikizimika katikati, inaweza isiwake tena.