Harufu ya Zabibu Maabarani

Nimekulia Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na harufu ya zabibu zilizoiva kupita kiasi naijua tangu utotoni. Kwa hiyo chuoni, siku tuliyofundishwa kumtambua bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Unafunua sahani alimooteshwa, na kabla hujamtazama ameshakufikia puani: utamu mzito wa zabibu. Ukiinamisha macho unaona ukijani uliochanganyika na buluu, umesambaa hadi kwenye chakula chenyewe cha kuoteshea. Rangi hiyo ndiyo iliyomfichua. Mwaka 1882 mfamasia wa jeshi la Ufaransa, Carle Gessard, alimtoa kwenye bandeji za wagonjwa zilizokuwa zikigeuka kijani.

Asubuhi moja, miaka michache iliyopita, sahani yenye harufu hiyo ilikuwa ya makohozi ya mzee aliyelazwa ICU, kwenye mashine ya kupumulia. Aliletwa kwa kiharusi. Nimonia ilimkuta kitandani, siku ya sita. Nilitandaza bakteria wake kwenye sahani nyingine, nikapanga juu yake vile vidonge vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa, kila kimoja na dawa yake, nikaiweka kwenye joto hadi kesho yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi kuzunguka karatasi yake, nasi hulipima kwa rula, milimita kwa milimita. Siku ile rula haikuwa na kazi. Siprofloksasini, hakuna duara. Jentamaisini, hakuna. Seftazidimu, hakuna. Meropenemu, ambayo madaktari wetu huitunza kwa siku ngumu, bakteria walikuwa wameota hadi wakaigusa karatasi.

Nilipiga simu wadini. Daktari alinyamaza, kisha akasema, "Dada, naomba urudie." Nikarudia. Majibu yakawa yaleyale. Iliyobaki ilikuwa kolistini, dawa ya miaka ya 1950 iliyowahi kuwekwa kando kwa sababu inaumiza figo. Ilipopatikana, mzee alikuwa ameshafariki.

Tukizungumzia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wengi humfikiria mgonjwa asiyemaliza dozi, au duka la dawa linalouza vidonge viwili viwili bila cheti. Hayo ni kweli na yanaua. Ila bakteria huyu makao yake ni penye unyevu: bomba, tangi, mtaro, ndoo, shingo ya sinki. Hahitaji chakula kingi. Hujishikiza ukutani mwa bomba na kujifunika ute, ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ya ndoo iliyokaa na maji siku nyingi. Ndani ya ute huo klorini humfikia kwa shida, na dawa pia. Sisi hospitali zenye maji ya mgao tunamsaidia bila kujua, maana maji hukaa kwenye matangi siku kadhaa na klorini huendelea kupungua.

Tena amezaliwa na silaha. Amoksilini haimtishi, wala seftriaksoni tunayoichoma karibu kila mgonjwa. Milango ya kuingilia mwilini mwake ni finyu; dawa ikipenya anayo pampu ya kuisukuma nje; na anatengeneza kimeng'enya cha kuikatakata. Zaidi ya hayo huazima. Bakteria wakiishi pamoja hupeana vinasaba, kama majirani wanavyoazimana panga. Vimeng'enya vinavyoishinda meropenemu husafiri hivyo, na kufikia mwaka 2008 watafiti walikuwa wameshaandika juu ya Pseudomonas wenye silaha hiyo katika hospitali kubwa ya Nairobi.

Baada ya mzee yule nilichukua pamba zangu nikapanda wadini. Nilifuta mabomba, vipini vya milango na matundu ya masinki. Sahani ya sinki la kona, karibu na kitanda chake, ilinuka zabibu. Nilipoipima kwa dawa, zilishindwa zilezile zilizoshindwa kwa makohozi yake. Kufanana huko hakutoshi kusema nani alimwambukiza nani, ila kulinikosesha usingizi.

Nikakaa na sista wa zamu, tukaangalia sinki lile linavyotumika. Mabaki ya dripu yenye antibiotiki humwagwa humo. Maziwa ya mpira wa kulishia yaliyobaki, humo. Maji ya kuogeshea mgonjwa, humo. Yaani tunawalisha bakteria, kisha tunawaonjesha dawa kidogo kidogo, kiasi kinachowaua wanyonge na kuwaacha sugu wakiongezeka. Sista alishika kiuno. "Mwanangu, na sisi tumwage wapi? Chumba cha uchafu kiko mwisho wa korido, na usiku niko peke yangu na wagonjwa wanane." Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo naona swali lake lilikuwa na uzito kuliko sahani zangu.

Hospitali moja ya Toronto, Kanada, ilipata mlipuko wa bakteria huyu sugu kati ya mwishoni mwa 2004 na 2006, wagonjwa 36. Wachunguzi walitia rangi inayong'aa kwenye tundu la sinki wakafungua bomba. Matone yaliruka walau mita moja, yakafika kwenye vitanda na pale dawa zinapotayarishwa. Masinki yalipofanyiwa ukarabati, mlipuko ukakoma.

Kwetu nilianza na kinachowezekana bila fedha. Kile kichupa kinachobubujika penye oksijeni kilikuwa kikijazwa maji ya bomba, kikiongezwa tu yakipungua. Hewa inayopita humo inakwenda moja kwa moja mapafuni. Sasa kinamwagwa kila siku, kinaoshwa, kinakaushwa kichwa chini, na kinajazwa maji yaliyotakaswa. Meza ya kuchanganyia dawa imesogezwa mbali na sinki. Mabaki ya dripu yana ndoo yake yenye mfuniko, na mama wa usafi huipeleka chumba cha uchafu kila zamu.

Kila mwanzo wa mwezi napanda na pamba zangu. Vichupa vya oksijeni vimekuwa safi mara nne mfululizo. Sinki la kona, wiki iliyopita, bado lilinuka zabibu.